Mfuko Umeuzwa kwa Jina la Nani?

Hotuba hii kuhusu ruzuku ya mbolea ilitolewa Kasulu, mkoani Kigoma, mbele ya wakulima, mawakala wa pembejeo, watendaji wa vijiji na maafisa ugani, kabla ya mvua za kupandia. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa mbali.

Ndugu wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji wetu, mabwana shamba na mabibi shamba, mawakala mliofunga maduka kuja kukaa nasi, na ninyi wakulima ambao msingelima sote tuliobaki tusingekuwa na kazi: mwakeye!

Naona kina baba wamewahi viti vya mbele na kina mama wamekaa kule mlangoni. Mada ya leo inawagusa zaidi waliokaa mlangoni, kwa hiyo walio mbele wasinune nikiongea macho yangu yakiwa kule.

Nianze na swali. Ukinunua mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa bei ya ruzuku, ile ruzuku imepokelewa na nani?

Nasikia wengi mnasema "mkulima". Sivyo. Mkulima amepokea mfuko. Pesa ya ruzuku haikupita mkononi mwake hata kwa dakika moja.

Kumbukeni ilivyoanza. Mwaka 2022 bei ya mbolea duniani ilipaa, vita ya Ukraine ikaongezea, na mfuko wa DAP hapa nchini ukavuka shilingi 100,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango huo Mbeya, siku ya Nane Nane. DAP na Urea, ile ya kukuzia, zikauzwa 70,000, na mbolea nyingine, CAN 60,000, SA 50,000. Nani alilipa tofauti? Serikali. Ilimlipa nani? Kampuni iliyoleta mbolea. Na inailipa lini? Mfumo wa kidijitali wa ruzuku ukishaonyesha kwamba mfuko fulani, wenye msimbo fulani, umeuzwa na wakala fulani kwa mkulima mwenye namba fulani.

Hiyo namba fulani ni yako, mama. Pesa imekwenda kwa kampuni, lakini imekwenda kwa jina lako. Jina lako ndiyo hati ya malipo.

Tupige hesabu ya mfano, za kichwani tu. Bei halisi ya mfuko iwe 120,000, wewe ulipe 70,000, Serikali ilipe 50,000. Sasa mtu apate namba yako, aingize kwenye mfumo mifuko minne ambayo hukuichukua. Hapo ni 200,000. Akiwa na namba za watu 100, ni milioni 20. Na ile mifuko je? Ipo dukani, imeshalipiwa sehemu yake na Serikali, inauzwa sasa kwa bei kamili kwa asiye na namba, au inafungwa nyuma ya pikipiki inaelekea Manyovu, mpakani na Burundi. Wewe ukirudi nyumbani hukuti pengo. Kuku wapo, baiskeli ipo, kitanda kipo. Wizi wa namna hii hauna mpiga yowe, kwa sababu aliyeibiwa hajui kwamba alikuwa na kitu.

Wenye maduka hapa mjini huandika ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Ruzuku ya mbolea ina daftari. Lipo, na linajazwa kila siku. Sisi tu ndio hatujawahi kulisoma.

Basi tulisome leo. Tuanze na daftari la kwanza, lile la usajili.

Wengi mnajua utaratibu. Unakwenda ofisi ya kijiji, unatoa jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unataja ekari na zao, unaandikwa. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo, unapata namba ya mkulima kwa ujumbe wa simu. Msimu ukirudi unakwenda kuhuisha taarifa. Ni kazi ya dakika chache, na ni hapo hapo mambo yanapoharibika, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Chukueni mzee mmoja wa mfano, ana miji miwili. Kwa mke mkubwa kuna ekari mbili, kwa mke mdogo tatu, na ekari moja kule bondeni amemkodisha kijana. Anakuja ofisini, anaulizwa "una ekari ngapi?", anajibu sita. Kwani amedanganya? Mashamba ni yake. Kesho yake anakuja yule kijana, anaulizwa "unalima ekari ngapi?", anajibu moja. Naye amesema kweli. Wiki ya pili mke mdogo, ambaye ndiye anayeshika jembe na ndiye anayeuza maharage, anaenda kujiandikisha kwa ekari zake tatu. Ama anakataliwa kwa sababu mji wake "umeshaandikwa", ama anaandikwa, na sasa ekari sita zimekuwa kumi. Hakuna mwongo hapo. Kuna swali lililoulizwa vibaya. Tulitaka kujua nani analima ekari hizi msimu huu, tukauliza nani ana ekari.

Watendaji, nawaomba mbadilishe swali. Ulizeni: "Msimu huu unalima wapi, na umepakana na nani?" Jina la jirani wa shamba ni kipimo kizuri kuliko kitambulisho. Mtu anaweza kuongeza ekari, lakini hawezi kumwongezea jirani.

Halafu hiyo ekari yenyewe. Sote tumezoea hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Wapo warefu, wapo wafupi, na wapo wanaopima kwa hatua za mtoto siku ya ruzuku na kwa hatua za twiga siku ya kukodisha. (Mnacheka kwa sababu mnawajua.) Kamba ya mita 64 inatosha kumaliza ubishi: 64 kwa 64 ni ekari moja na kipande kidogo sana cha ziada. Kila kitongoji kiwe na kamba yake, ifungwe fundo kila mita nane, ikae kwa mwenyekiti.

Kwa nini nasumbuka na ekari? Kwa sababu ekari ndiyo breki. Mahindi ekari moja, kwa kiwango kilichozoeleka, yanakula mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Mkulima wa ekari mbili akionekana kwenye mfumo amechukua mifuko 14, ama anamwaga mbolea kama majivu, ama si yeye aliyechukua. Na kijiji chenye ekari 1,200 za mahindi hakiwezi kumaliza mifuko 4,000. Hesabu hiyo anaiweza mtoto wa darasa la nne, ila lazima apewe namba mbili: ekari na mifuko. Leo mkulima hana ya kwanza wala ya pili.

Sasa nani aandike orodha? Hapa nina kisa cha kweli, kiliwapata watu wa Kilimanjaro, na sisi wa Kigoma tukisikilize vizuri.

Kabla ya mfumo huu wa namba tulikuwa na vocha. Wakubwa mnazikumbuka, zilianza 2008. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu, za kutosha ekari moja: ya mbegu ya mahindi, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akajazia. Nani apate? Iliamuliwa kijijini, na kamati ya vocha ya kijiji. Kwenye karatasi ni jambo zuri, maana nani anamjua maskini wa kijiji kuliko kijiji chenyewe?

Watafiti wakaenda Kilimanjaro kuangalia vocha za majaribio za 2008 zilifika kwa nani. Wakakuta karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Asilimia 60! Kati ya vocha kumi, sita zimebaki kwa walioshika kalamu. Na hali ilikuwa mbaya zaidi wapi? Kwenye vijiji vyenye tofauti kubwa kati ya wenye nacho na wasio nacho, na kwenye vijiji vilivyo mbali na barabara. Mnajua vijiji vya namna hiyo? Mnavijua kwa majina.

Sisemi viongozi wetu ni wezi. Kiongozi naye ni mkulima, ana shamba, ana watoto wa shule. Ninachosema ni kwamba orodha iliyoandikwa na watu wachache na kusomwa na hao hao wachache itawapenda waandishi wake, hata wawe wacha Mungu namna gani. Dawa si kutafuta kamati ya malaika. Dawa ni kuisoma orodha kwa sauti mbele ya watu wanaoyajua mashamba.

Na watu wanaoyajua mashamba wako kitongojini. Tafadhali tusianzie mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu una watu mia tatu, kuna barabara, kuna mradi wa maji, kuna mgogoro wa mpaka, na orodha ya mbolea inafika saa kumi jioni watu wameshaanza kuondoka. Ianzie kitongojini, asubuhi, agenda moja. Mwenyekiti anasoma: jina, ekari, zao, mahali. Anasubiri. Kuna ambaye atasema "huyo alihamia Uvinza tangu mwaka juzi". Kuna ambaye atasema "marehemu huyo, tulimzika mwezi wa tano". Kuna mama atasimama na kusema "hizo ekari tatu nalima mimi". Kila pingamizi linaandikwa pembeni, linaamuliwa hapo hapo au linapelekwa halmashauri ya kijiji. Ndipo orodha iliyosafishwa iende kwenye mkutano mkuu, ambao kwa taratibu zetu unakutana kila miezi mitatu na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, iingizwe kwenye muhtasari, na ibandikwe ubaoni.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Lakini siku ya kusoma orodha mambo yanageuka: asiyekuwepo lake lipo, ila linachukuliwa na mwingine.

Twende dukani. Hapa mawakala msinikimbie, maana nina maneno ya kuwatetea pia.

Mauzo yakienda sawa ni rahisi. Mkulima anafika na namba yake na kitambulisho. Wakala anaingiza namba, mfumo unaonyesha jina na kiasi anachostahili. Wakala anasoma msimbo ulio kwenye mfuko kwa simu, mauzo yanaandikwa, mkulima analipa, anapewa risiti, anabeba. Mnunuzi na mfuko wamefungwa pamoja kwenye kumbukumbu.

Yakienda vibaya, yanaanza na maneno mawili: "mtandao umeshuka". Mkulima ametoka Makere au Nyakitonto, amelipa nauli, amekaa foleni tangu alfajiri. Wakala anamwambia, "Niachie namba yako, chukua mfuko wako, nitaingiza jioni." Ni wema, na mara nyingi ni wema wa kweli. Lakini tazameni kilichotokea. Namba imeandikwa kwenye daftari la kaunta, chini ya namba nyingine arobaini. Jioni anaingiza nani? Anaingiza mifuko mingapi? Yule mama aliyeondoka na mfuko mmoja ataandikiwa mmoja, au ile miwili anayostahili? Yeye hatajua mpaka arudi mwezi wa pili kutafuta Urea ya kukuzia, aambiwe "mfumo unaonyesha umeshamaliza".

Njia nyingine ni bodaboda. Nauli kutoka kijijini ni kubwa, kwa hiyo wakulima kumi wanamtuma kijana mmoja na namba zao kumi kwenye kipande cha karatasi. Karatasi hiyo inaishia wapi? Mfukoni mwa suruali, mezani kwa wakala, kwenye picha ya simu. Namba ya mkulima ni kama namba ya siri ya kutolea pesa. Kuna anayempa bodaboda namba ya siri ya simu yake aende kumtolea? Hakuna. Lakini hii tunaigawa kama salamu.

Kama lazima mtume mtu, fanyeni hivi. Andikeni karatasi mbili zinazofanana: jina, aina ya mbolea, idadi ya mifuko, sahihi au dole gumba. Moja abaki nayo wakala, nyingine irudi na mbolea, ikiwa imegongwa muhuri wa duka. Namba za wakulima zisiandikwe hapo. Kila mmoja amsomee wakala namba yake kwa simu wakati wa kuingiza. Inachosha? Ndiyo. Inachukua nusu saa kwa watu kumi.

Risiti msiitupe. Naona watu wanafungia karanga kwa risiti za mbolea. Kwenye risiti angalieni vitu vitatu hapo hapo kaunta, kabla ya kubeba: aina, idadi, tarehe. Mfuko nao utazameni mdomo. Uliofungwa kiwandani una mshono mmoja ulionyooka na msimbo haujakwanguliwa. Ukiona mshono wa mkono, au msimbo umekatwa kwa wembe, usiubebe hata ukiambiwa umepunguziwa bei, kwa sababu hapo hujui kilichomo ni nini wala ni kilo ngapi. Na wanaouziwa kwa kopo, kwa kuwa hawana bei ya mfuko mzima kwa mpigo, wajue kwamba mfuko ulifunguliwa kwa namba ya mtu. Ya nani? Kumi wakichanga wakanunua mfuko kwa zamu ya majina, wakagawana wenyewe kwa mizani, wamepata bei ya ruzuku na daftari limebaki safi.

Nimeahidi kuwatetea mawakala. Wakala hapangi bei, hapangi mzigo uje lini, na haamui idadi ya maduka wilayani. Msimu wa kwanza wa ruzuku watu walilalamika sana kwamba maduka yako mbali na foleni ni ndefu, ndiyo maana baadaye vyama vya msingi vya ushirika vilianza kutumika kusogeza mbolea karibu. Wakala mwaminifu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai orodha ya mauzo ibandikwe. Leo mbolea ikikamatwa kwenye njia za panya, mawakala, tuseme wako tisa, wote wanatukanwa kwa kosa la mmoja. Orodha ikiwa ubaoni, yule mmoja atajulikana na wanane watalala.

Na kwa kuwa nimetaja njia za panya, tusifanye kama hatuelewi. Sisi tumepakana na Burundi, watu wamegawanyika kwa mpaka lakini wanaoana, wanauziana, wanazikana. Mbolea ya ruzuku hairuhusiwi kuvuka. Ulinzi unawekwa mpakani, pikipiki zinasimamishwa usiku. Mimi naona tunaanzia mwisho. Mfuko unaokamatwa mpakani ulishauzwa kwa jina la mtu wa kijiji fulani, kwenye duka fulani, tarehe fulani, na msimbo unasema yote hayo. Mpaka wetu na Burundi ni mrefu na vilima ni vingi, askari hawezi kusimama kila kichaka. Kusoma orodha ya mauzo mkutanoni hakuhitaji askari hata mmoja.

Hapo ndipo nafika kwenye daftari la pili, na hili ndilo lililonileta. Orodha ya kwanza ni ya wanaostahili. Ya pili ni ya waliochukua. Vijiji vinavyojitahidi hubandika ya kwanza. Ya pili sijui kwa nini tunaiogopa.

Orodha ya pili iwe na safu hizi: jina, kitongoji, ekari, aina ya mbolea, mifuko iliyouzwa, jina la duka, mwezi. Isomwe kitongojini mwishoni mwa msimu, kama ile ya kwanza. "Mama fulani, Urea miwili, DAP miwili, duka la stendi, mwezi wa kumi na moja." Mama fulani yupo, anajibu "kweli" au anajibu "mimi nilichukua mmoja". Basi. Sekunde kumi kwa mtu mmoja. Kaya 200 ni kama nusu saa na kidogo.

Hapa huwa kuna mtu ananyoosha mkono na kuuliza: je, si kumvua mtu nguo hadharani? Kwa nini jirani ajue nimepata mifuko mingapi?

Ni swali la maana, na kuna wenzetu waliopelekana mahakamani kwa swali hilo hilo. Ulaya wakulima wanalipwa ruzuku kwa pesa yenyewe, inaingia akaunti ya benki, kwa kiasi kikubwa kulingana na ukubwa wa ardhi. Miaka mingi hakuna aliyejua nani anapata nini. Waandishi wa habari na wanaharakati wakaanza kudai orodha, nchi moja moja. Uingereza sheria ya haki ya taarifa ilipoanza kutumika Januari 2005, majina yakatoka. Watu walidhani watakuta mkulima mwenye ng'ombe kumi. Wakakuta Malkia, wakakuta makabaila wenye ardhi isiyoonekana mwisho, wakakuta kampuni kubwa ya sukari. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria, lakini mjadala wa ruzuku haukuwa tena ule wa jana.

Umoja wa Ulaya ukaja na kanuni mwaka 2008: kila nchi itangaze kwenye mtandao jina la kila mpokeaji, eneo lake na kiasi. Wakulima wawili wa jimbo la Hessen, Ujerumani, mmoja akiwa ni ubia wa shamba, wakaenda mahakamani kupinga. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikawakubalia kwa sehemu. Haikusema kutangaza ni vibaya. Ilisema wananchi wana haki ya kujua kodi yao inakwenda wapi, lakini kumwanika mtu binafsi mdogo sawa na mkubwa, bila kutofautisha kiasi wala muda, ni kuzidisha. Kampuni hazikupata nafuu hiyo. Sheria ikaandikwa upya mwaka 2013: majina yarudi, yakae mtandaoni miaka miwili, lakini wapokeaji wadogo kabisa, kwenye kiwango kisichozidi euro 1,250, majina yao yasitajwe.

Nasi tuna sheria yetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kwa hiyo ubaoni hatubandiki namba ya kitambulisho, hatubandiki namba ya simu, na kamwe hatubandiki namba ya mkulima. Orodha ya majina isipigwe picha ikarushwa kwenye makundi ya simu. Isomwe na wanaojuana, ibaki kwa wanaojuana. Kinachofaa kwenda mbali ni jumla: kijiji hiki mifuko mingapi, duka hili mifuko mingapi, kampuni hii imelipwa shilingi ngapi. Na hapo kwenye kampuni sioni sababu ya aibu. Mama wa Heru Juu anatajwa mbele ya majirani kwa mifuko miwili, halafu kampuni inayolipwa mamilioni kwa jina lake isitajwe? Tumelipindua jambo.

Mtaniuliza, hiyo orodha ya pili tutaipata wapi? Mtendaji anaweza kuwa hana. Inatoka kwenye mfumo, na mfumo uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Wilayani anzieni kwa afisa kilimo wa halmashauri. Mkiomba kwa mdomo mtaambiwa njooni kesho. Ombeni kwa maandishi. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Raia anaomba taarifa kwa taasisi ya umma, taasisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu, na mwombaji anaweza kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo.

Barua nyingi zinashindwa kwa sababu moja: zinaomba "taarifa zote za ruzuku". Hiyo ni kumpa mtu sababu ya kukataa. Andikeni hivi: "Tunaomba idadi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kwa wakulima waliosajiliwa katika kijiji cha fulani, kwa kila aina ya mbolea, kwa kila wakala, kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, mwaka wa fedha fulani." Nukta. Msiombe majina katika barua ya kwanza. Ombeni jumla, ilinganisheni na ekari zenu. Jumla zikigoma kulingana ndipo mnarudi kudai orodha isomwe kijijini. Barua iende na nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana bila muhuri siku 30 hazina mwanzo. Na mkikuta jinai ya wazi, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, haina malipo.

Kuna wanaosema haya yote ni kazi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Ni kweli anakagua, na ripoti yake inafika kwa Rais kila mwisho wa Machi kisha inawekwa mbele ya Bunge. Lakini mkaguzi anaona karatasi. Akikuta jina, namba, msimbo na tarehe vimekaa sawa, kwake imepita. Hawezi kujua kwamba mwenye jina alizikwa mwezi wa tano. Hilo linajulikana kitongojini, na kwa kweli linajulikana kitongojini peke yake.

Muda umekwenda, na wa Rusesa najua gari lao linaondoka saa tisa. Kwenye meza ile karibu na mlango kuna vielelezo vya barua, vimeachwa nafasi ya jina la kijiji na mwaka. Kuna pia kamba tano za mita 64, zimeshafungwa mafundo. Kila kata iondoke na moja, na atakayeichukua aandike jina lake kwenye lile daftari la kaki. Kina mama wa nyuma, ninyi mko karibu na meza. Tangulieni.